Kompyuta ya dukani inakataa kila saiti, hata Google. Wajuzi naombeni msaada

Mangi_Steshenari
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi nina kasteshenari kangu hapa Moshi karibu na stendi, kompyuta tatu za mezani, printa na mashine moja ya fotokopi, kazi ndo hizi hizi za kila siku, kuchapa barua, maombi ya chuo, maombi ya mkopo, fomu za ajira. Sasa tangu juzi asubuhi kompyuta moja, ile ya mlangoni, imegoma. Kila saiti nikifungua inaleta kioo cheupe na Kiingereza kirefu, chini kabisa imeandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Mwanzoni nikajua ni saiti ya maombi imezidiwa na watu maana siku zinaisha, nikajaribu Google ikaleta vile vile. Google wakuu! YouTube vile vile.

Zile mbili za ndani zinafungua freshi na waifai ni hiyo hiyo moja. Ila kinachonivuruga zaidi kuna saiti ya chuo kimoja, jina naliacha, hiyo inagoma kompyuta zote tatu NA simu yangu yenye bando lake. Yaani sielewi nimeingiliwa, ni virusi, au ni mtandao.

Jana kuna binti katoka Himo na bahasha yake ya kaki, vyeti vyote ndani, kakaa kwenye kile kiti cha plastiki saa nzima ananiangalia navyohangaika, mwisho kanyanyuka taratibu kaenda kwa jirani. Hata hakuniaga. Kijana wangu wa kazi anasema hiyo ya chuo tubonyeze tu kile kimaandishi kidogo cha kuendelea, kinapita, mimi nikamwambia hapana, pale watu wanaandika namba ya NIDA na neno la siri, likitokea la kutokea wanakuja kunishika mimi.

Windows 7, Chrome, antivairasi ya bure. Historia nimefuta, rauta nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Nawasilisha.

chalii_wa_sakina
Mkuu unajitesa bure. Kuna neno fulani ukilitaip hapo hapo kwenye hicho kioo, wala hakuna pa kuliandikia, unataip tu hewani, linapita. Mimi natumia miaka yote hapa Chuga na sijawahi kuibiwa hata mia. Njoo PM.

Bi_Kiborloni
Kaka kabla hujaenda PM kwa huyo, angalia pale chini kulia kwenye kompyuta ya mlangoni. Inasema leo tarehe ngapi?

Mangi_Steshenari
Khaa. Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2009.

Bi_Kiborloni
😂😂 Haya, umeshapona nusu. Subiri mafundi waje wakueleze.

Fundi_Ngarenaro
Nimefika. Mangi hapo una magonjwa mawili yenye dalili moja ndio maana umechanganyikiwa, ngoja tuyatenganishe.

La kwanza ni la kompyuta ya mlangoni. Kila saiti ambayo anwani yake inaanza na https ina cheti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama ilivyokuwa ile stika ya bima kwenye kioo cha gari. Brauza, yaani hiyo Chrome yako, ndio trafiki. Sasa wewe una trafiki ambaye kwa kalenda yake leo ni 2009, anasimamisha gari, anasoma stika imeanza mwezi uliopita, kwake yeye mwezi uliopita ni miaka mingi mbele huko, anasema hii bima haijaanza kazi, rudi nyuma. Anasimamisha Google, anasimamisha YouTube, anasimamisha kila mtu, na kwa akili yake yuko sahihi kabisa. Hakuna mwizi wala kirusi, kalenda tu ndio mbovu.

Na nikuulize, kile Kiingereza kirefu ulikisoma? Maana Chrome ikishtukia kwamba saa ni ya zamani kuliko hata yenyewe ilivyotengenezwa, huwa inasema wazi kabisa kwa maandishi makubwa kwamba saa yako iko nyuma, na inakutajia na tarehe iliyoiona.

La pili, hiyo ya chuo, ikigoma kompyuta zenye saa sahihi na ikigoma simu iliyo kwenye bando lake mwenyewe, hapo tatizo haliko Moshi, liko kwao. Cheti chao kimeisha na hawajarinyuu. Bonyeza kwenye yale maandishi mekundu pale kushoto mwa anwani, fungua cheti, utaona kiliisha lini.

Kanuni yangu hata kwa wateja ni hiyo moja: saiti zote zinagoma kwenye kifaa kimoja, kagua kifaa. Saiti moja inagoma kwenye vifaa vyote, ni ya mwenye saiti.

Mangi_Steshenari
Dah Fundi umenishika pabaya. Nimerudi kusoma, ni kweli imeandika saa yako iko nyuma, herufi kubwaaa. Mimi nilivyoona tu kioo kimebadilika nikaruka moja kwa moja kule chini kwenye maandishi ya ajabu ajabu nikijua ndio ya maana.

Na ya chuo nimeangalia, cheti kimeisha siku tatu zilizopita. Kwa hiyo ni wao. Aisee.

Sasa ngoja niseme na hili mnicheke vizuri. Hii kompyuta kila asubuhi nikiwasha inaleta kioo cheusi, inasema bonyeza F1 kuendelea. Nabonyeza F1 naendelea na maisha. Ina miezi sijui mitatu minne. Kijana nilimwambia ukiwasha bonyeza F1, nikamfundisha kama ndio utaratibu. Tarehe ikawa mbovu kweli mara moja moja ila nilikuwa nabadilisha mwenyewe, juzi nilisafiri kwenda Rombo msibani ndio akafungua yeye.

Fundi_Ngarenaro
Hahaha meku! Hiyo F1 ndio ilikuwa inakulilia hali. Kuna betri ndogo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, duara kama sarafu, CR2032, volti tatu. Kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, ukizima kompyuta kwenye soketi usiku, au umeme ukikatika, asubuhi inaamka haijui leo ni lini inarudi kwenye tarehe iliyowekwa na kiwanda. Wewe naona unazima meini swichi ukifunga duka si ndio? Basi.

Zima kabisa, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, utaiona. Kuna kikucha pembeni kisukume kidogo itaruka yenyewe, usiichokonoe na bisibisi ukakwangua mazabodi. Upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha uangalie juu. Zinauzwa kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme, hata wale wanaotengeneza saa kwenye vimeza vya vioo wanazo.

Halafu kuna kamtego watu wengi wananasa hapa. Ukishaweka betri utaenda kwenye saa, ile sehemu ya kuchukua saa kwenye intaneti, ubonyeze ijirekebishe, na itakataa. Itakwambia kwa sababu za kiusalama haiwezi maana tarehe yako hailingani. Windows ya nyumbani kwa kawaida ikikuta saa imepishana zaidi ya masaa 15 haijigusi. Kwa hiyo weka kwanza kwa mkono, tarehe, mwezi, MWAKA, ndio ubonyeze. Na kanda ya saa chagua Nairobi, usinune, sisi hatumo kwenye orodha ila masaa ni yale yale.

chalii_wa_sakina
Kwa hiyo lile neno langu halina kazi?

Fundi_Ngarenaro
Lile waliliweka kwa ajili ya watu wanaojaribisha seva zao wenyewe, wanajua upande wa pili kuna nini kwa sababu wao ndio wameuweka. Wewe unalipitisha kwenye kompyuta ya wateja. Siku trafiki amesimamisha gari la wizi kweli utakuwa wewe ndio umemshika mkono ukamwambia aachie. Na usiligawe PM.

Neema_Machame
Jamani samahani nadandia uzi. Mama yangu yuko nyumbani Machame, simu yake kila saa inaleta onyo, mara simu yako ina virusi 13, mara betri imeharibika asilimia kadhaa, safisha sasa hivi, lina alama ya ngao na lina na mlio. Ameogopa mpaka simu ameifungia kabatini. Hilo nalo ni la tarehe? Maana nimesoma hapa nikataka nimwambie abadilishe saa.

Bi_Kiborloni
Hapana mdogo wangu, hilo hata sio onyo la brauza, hilo ni tangazo limevaa sare ya askari. Saiti haiwezi kukagua virusi kwenye simu, wala haijui betri ina hali gani kiasi hicho. Mama alifungua saiti fulani, labda ya kusoma habari au ya kuangalia mpira kwa jirani, ikamuuliza anaruhusu arifa, akabonyeza ruhusu ili aione hiyo habari, basi tangu hapo wanamtumia wanavyotaka.

Arifa ikija asiifungue, akandamize kidole juu yake, utaona imetoka Chrome na kuna jina la saiti ya ajabu. Au ingia Chrome, nukta tatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, utakuta orodha ya zilizoruhusiwa. Zuia zote usizozijua. Mimi kwa shangazi yangu nilikuta 22, yaani nilikaa nazuia mpaka chai ikapoa. Halafu angalia kama hajapakua kiprogramu chochote cha kusafisha, maana hapo ndipo walipokuwa wanampeleka. Kama kipo kifute.

Onyo la kweli la brauza linachukua ukurasa mzima, halipigi mlio, na halikuambii upakue kitu. Linakwambia rudi. Ukiona onyo linakuharakisha ubonyeze kitu ndani ya dakika mbili, hilo ndilo lenyewe la wezi.

Neema_Machame
Asante sana dada. Jumamosi napanda huko, simu naitoa kabatini mwenyewe.

Mpanda_Mlima_255
Mimi naongoza wageni, nalala lodji mbalimbali Arusha na huku chini ya mlima, niongezee la waifai. Ukiunga waifai ya hoteli ambayo inataka kwanza uandike namba ya chumba, ukaenda moja kwa moja kwenye imeili yako, unaweza kupigwa onyo lile lile la muunganisho sio wa faragha. Ni kwa sababu rauta ya hoteli inakudaka njiani ikuonyeshe ukurasa wake wa kuingilia, brauza inaona niliomba imeili mbona anajibu mtu mwingine, inapiga kelele. Wageni wanakuja kwangu wanasema wamehakiwa Tanzania 😅. Nawafungulia saiti isiyo na https, huwa natumia neverssl.com, ukurasa wa hoteli unatokea, wanaandika chumba, kwisha.

Ila ukishaingia vizuri kabisa halafu ukafungua ukurasa wa benki ukapata onyo, na chini limeandika AUTHORITY_INVALID badala ya DATE, hapo mimi nafunga, nazima waifai naenda kwenye bando langu. Likipotea kwenye bando, ile waifai siigusi tena na hela.

Fundi_Ngarenaro
Mpanda Mlima amesema vizuri. AUTHORITY maana yake stika ipo, tarehe sawa, ila aliyeitoa hajulikani. Saa nyingine ni antivairasi yenyewe, zipo zinazojiweka katikati zikague kila kinachopita, zikivurugika unapata hilo onyo kila saiti. Ukurasa wa rauta yako ule wa anwani inayoanza na 192.168 ukiufungua kwa https nao unaweza kukutolea hilo hilo na hapo hakuna neno, imejipa cheti yenyewe, na iko mezani kwako unaiona. Na simu za zamani pia. Android za chini ya 7.1.1, tangu 2024 saiti nyingi zinazotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt zinagoma, kwa sababu simu haimjui mtoaji, orodha yake ya watoaji ni ya zamani na haipati apdeti. Firefox inabeba orodha yake yenyewe, kwa hiyo kama simu bado inaikubali inaweza kukuokoa, ila ukweli ni kwamba simu hiyo imechoka.

mzee_wa_Mbuyuni
Mimi nina swali moja tu na nina ubishi kidogo. Zamani tuliambiwa ukiona kufuli, salama. Leo naangalia Chrome kufuli silioni. Limeenda wapi? Pili, hii ya chuo, cheti kimeisha juzi tu, chuo ni kile kile, seva ni ile ile, kuna ubaya gani kijana akibonyeza kuendelea? Gari ambalo bima imeisha jana si bado ni gari lile lile?

Bi_Kiborloni
Mzee shikamoo. Kufuli walilitoa Chrome ya kompyuta Septemba 2023, wakaweka kialama kama vile vitelezi vya redio. Walilitoa kwa sababu hiyo hiyo unayoisema, watu waliamini kufuli ni muhuri wa uaminifu. Kufuli lilikuwa linasema tu njia imefungwa, wa katikati hasomi. Halikuwa linasema uliyefika kwake ni mtu mwema. Tapeli wa mikopo ya mtandaoni naye anapata cheti bure kama wewe. Siku hizi wanafanya kinyume, isiyo na https ndio inaandikwa sio salama, tangu 2018.

La pili namwachia Fundi.

Fundi_Ngarenaro
Mzee ubishi wako una haki. Cheti kilichoisha juzi mara nyingi sana ni uzembe tu, mtu wa tehama kasahau au kaenda likizo. Ndio maana brauza inakuachia kile kimaandishi cha kuendelea. Google haikuachii kwa sababu wao walishaziagiza brauza mapema, kwetu ikitokea hitilafu usimruhusu mtu yeyote apite.

Kwa hiyo mimi kama nataka kusoma tangazo la chuo, au kuangalia majina ya waliochaguliwa, napita, sidanganyi. Lakini kuandika neno la siri na NIDA ya mtoto wa watu, hapana. Kwa sababu mimi niliyekaa kwenye kiti Ngarenaro siwezi kutofautisha mzembe na mwizi, onyo linafanana. Mangi afanye wanachofanya na wengine, apige simu ofisi ya udahili awaambie cheti kimeisha, mara nyingi hata hawajui, wao wanaingilia mlango mwingine wa ndani.

Na haya tutayaona zaidi. Zamani cheti kilikaa miaka, kuanzia Septemba 2020 mwisho ni siku 398, kuanzia Machi 2026 ni siku 200, ikifika 2029 itakuwa siku 47. Asiyeweka seva ijirinyuu yenyewe atakuwa anaumbuka kila baada ya mwezi na nusu.

Halafu Mangi, hiyo Windows 7. Chrome ya mwisho kuikubali ni 109, mwanzoni mwa 2023, na Microsoft waliacha kuitunza Januari 2020. Betri itakuvusha leo, ila anza kutenga hela.

Mangi_Steshenari
Wakuu mrejesho. Betri nimepata kwa yule mzee wa saa, buku mbili, kanipa na ya akiba. Nimefungua, vumbi lililotoka mle ndani ungedhani nafungua kiroba cha pumba, kikucha nimesukuma ikaruka kweli mpaka chini ya meza tukaitafuta na tochi ya simu. Nimewasha, F1 mara ya mwisho, nikazima kwenye soketi nikawasha tena, F1 haikuja! Kijana akasema bosi mbona haijaniuliza, alijua imeharibika.

Chuo nimepiga. Mama wa mapokezi kasema atamwambia mtu wa kompyuta, leo asubuhi nimejaribu inafungua. Binti wa Himo nilikuwa na namba yake, nimemwambia arudi, kasema kwa jirani walishambonyezea kuendelea na neno la siri akaweka. Nimemshauri abadilishe leo leo.

Sasa kimebaki kitu kimoja. Tarehe tumeweka sawa, mwaka sawa, Google inafungua, ila risiti zinatoka na saa za usiku wa manane. Nimemuuliza kijana uliwekaje saa, kasema ilikuwa saa nne asubuhi kwa hiyo ameandika 4:00 AM.

Bi_Kiborloni
😂😂😂 Mimi nimetoka kwenye huu uzi.

Fundi_Ngarenaro
Iache hivyo hivyo, bonyeza ile ya kuchukua saa kwenye intaneti. Masaa sita yako ndani ya yale 15, safari hii haitakataa.

Mangi_Steshenari
Imekubali. Aika mbe.